Daftari, kikokotoo au kichwa chake chenyewe: uchague kipi kuisaidia modeli kufikiri

Chukua mfugaji mmoja anayepeleka maziwa kwenye kituo kilichopo njia ya Pongwe, hapa Tanga. Kwa nusu mwezi kaleta lita 186 za asubuhi na lita 97 za jioni. Lita 12 zilikataliwa kwenye kipimo. Bei ni shilingi 1,000 kwa lita. Anadaiwa mifuko mitatu ya pumba, 15,000 kila mfuko, na shilingi 60,000 za dawa ya ng'ombe. Kikundi humkata mchango wa asilimia 2 ya malipo. Katiba ya kikundi inasema makato yasizidi theluthi moja ya malipo, na kinachozidi kisogezwe hadi malipo yanayofuata. Alipwe ngapi?

Tarakimu hizo nimezitunga, maana madeni ya watu si ya kuanikwa. Utaratibu ndio huohuo.

Swali hili nimelipeleka kwa modeli ya lugha, yaani programu ya kompyuta inayojibu kwa maandishi, kwa njia nne tofauti. Aliyenitia kwenye shughuli hii ni katibu wa kikundi, mama jirani yetu wa Ngamiani, aliyetaka kitu cha kumjibu mfugaji kwenye simu: umeleta ngapi, umekatwa nini, kwa nini. Nilipomwonyesha jaribio la kwanza alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia kahawa, ndipo akasema: "Mwanangu, chenye kujua kuongea sikitaki. Waongeaji Tanga tunao. Nataka kitakachonionyesha kimefikaje hapo."

"Nimekuelewa mama," nikamjibu, ingawa nilichukua wiki kadhaa kuelewa kweli.

Kwa hiyo ulinganisho huu unamfaa mtu aliye kwenye hali kama yangu. Ana modeli, ya kulipia au ya bure. Ana kanuni za kazi zilizoandikwa na binadamu, pamoja na mapengo yake. Na anajiuliza kama ajenge seva ya nyuma, yaani programu ya pembeni ambayo modeli huiita, ya kuipa modeli zana za kufikiri kwa mpangilio, au huko ni kujitafutia kazi.

## Maneno matupu

Njia ya kwanza haina seva. Unaiambia modeli ifikiri hatua kwa hatua kabla ya kujibu, umemaliza.

Usiidharau. Januari 2022 watafiti wa Google walionyesha kwamba ukiipa modeli kubwa mifano michache yenye hatua za kufikiri, nayo hutoa hatua, na inapatia zaidi kwenye hesabu za maneno. Mei mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzao wa Google wakaona kwamba hata mifano si lazima. Sentensi moja ya kuitaka ifikiri hatua kwa hatua iliipandisha modeli waliyoijaribu kutoka asilimia 17.7 hadi 78.7 kwenye seti moja ya hesabu za shule. Sentensi moja! Kwa bei hiyo hakuna kinachoishinda.

Kasoro ni kwamba mdomo unaofikiri ndio unaokokotoa, na ndio huohuo unaohukumu. Swali la mfugaji wetu nililiuliza mara mbili kwa maneno yaleyale. Mara ya kwanza alilipwa shilingi 180,667. Mara ya pili 175,247. Kila jibu lilikuja na hatua zake, zimenyooka, ukizisoma unatikisa kichwa kukubali. Nikadhani modeli imekosea hesabu mahali. Haikuwa hivyo, na tutafika huko.

## Modeli yenye kichwa chake

Septemba 2024 OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa o1, modeli iliyofundishwa kutulia na kufikiri kabla ya kujibu. Januari 2025 kampuni ya DeepSeek ya China ikatoa R1 kwa leseni ya MIT, kila mtu aweze kuipakua, pamoja na matoleo madogo kuanzia vigezo bilioni 1.5 hadi bilioni 70 (vigezo ni namba za ndani zinazopima ukubwa wa modeli). Mwezi uliofuata kampuni ya Anthropic ikatoa Claude 3.7 Sonnet, ambayo fikra zake ndefu unaweza kuziwasha na kuzizima.

Ukiwa na modeli ya aina hii, sehemu kubwa ya kile ambacho seva ya kufikiri inakuahidi imeshafanyika ndani yake. Wapenzi wa seva hawalitaji sana jambo hili, lakini ni vema ulijue kabla hujaanza kuandika msimbo wa programu. Hesabu ya mfugaji ilitoka sahihi kila nilipoijaribu. Tatizo ni kwamba ilichagua maana moja ya ile kanuni ya theluthi, ikaenda nayo hadi mwisho, na wala haikusema kwamba imechagua.

Ungesema basi tusome fikra zake. Inategemea. o1 haikutoa fikra zenyewe, ilitoa muhtasari. R1 inaziweka zote wazi. Lakini hata zikiwa wazi si kiapo. Aprili 2025 Anthropic walichapisha utafiti ambamo modeli zilichomekewa dokezo la jibu, kisha wakaangalia kama zitakiri ndani ya fikra zao kwamba zimelitumia. Claude 3.7 Sonnet ilikiri kwa wastani asilimia 25 ya nyakati, na R1 asilimia 39. Yaani mara nyingi mwanafunzi amechungulia karatasi ya jirani, halafu anakueleza njia nzuri kabisa ambayo siyo aliyopita.

Bei nayo. Tokeni za kufikiri, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli huandika ikifikiri, unalipia. Na neno la Kiswahili lenye viambishi vyake vyote, kama "yatakayosogezwa", hukatwa vipande vingi kuliko maneno ya Kiingereza, kwa sababu modeli nyingi zimekulia kwenye Kiingereza. Usishangae pia kukuta fikra za Kiingereza chini ya swali la Kiswahili. Makato yamekwenda ng'ambo, yamegeuzwa jina, yamerudi. Mara nyingi yanarudi salama.

## Seva ya daftari

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika, na ndipo pia nilipopata nilichokuwa nakitafuta.

Novemba 2024 Anthropic walitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, kwa kifupi MCP. Ni mapatano ya namna programu yenye modeli inavyozungumza na seva za nje. Ujumbe unakwenda kwa muundo wa JSON-RPC 2.0, mpangilio wa maandishi ambao kompyuta husomeana, na seva inajitambulisha: nina zana hizi, rasilimali hizi, promti (maagizo ya maandishi) hizi. Machi 2025 OpenAI nao wakaipokea. Faida yake kwa mtu wa huku ni kwamba seva uliyoiandika mara moja hulazimiki kuiandika upya siku ukihama modeli.

Kati ya seva za mfano zilizowekwa na waasisi wa itifaki hiyo, mojawapo inaitwa Sequential Thinking, imeandikwa kwa TypeScript, lugha ya kuandikia programu. Seva nyingi za kufikiri utakazokutana nazo zimefuata nyayo zake. Ina zana moja tu. Modeli ikiiita hupeleka wazo moja, namba ya wazo hilo, makadirio ya mawazo yote yatakayohitajika, na alama ya kusema inaendelea au imemaliza. Ikitaka, inaweza kusema kwamba wazo hili linasahihisha wazo la 3. Au kwamba hili ni tawi jipya linaloanzia wazo la 4, na tawi lenyewe lina jina lake.

Seva inafanya nini na hayo yote? Inaandika. Kisha inarudisha hesabu: umefika wazo la ngapi, matawi yako ni haya, historia ina mawazo kadhaa. Haikagui. Haikokotoi. Haiwezi kukuambia hapo umepotea. Nilipofungua msimbo wake mara ya kwanza nilikuwa natafuta ubongo ulipofichwa, nikafika mwisho wa faili sijauona.

Niliowaeleza walicheka. Sasa hiyo si karatasi tupu? Ndiyo, karatasi. Lakini sisi wenyewe ndio tunaosema mali bila daftari hupotea bila habari. Karani wa kituo hakuongezewa akili alipopewa daftari. Alipewa uwezo wa kurudi mstari wa juu, na mwenzake akapewa uwezo wa kumwekea kidole.

Turudi kwa mfugaji. Niliichukua modeli ileile ya njia ya kwanza, nikaiunganisha na seva ya daftari, nikaipa agizo moja la ziada: kila kanuni ya katiba inayobeba maana zaidi ya moja ifunguliwe tawi. Mwanzo haukuwa na ubishi. Lita 186 na 97 ni 283, toa 12 zinabaki 271, malipo shilingi 271,000. Mchango 5,420. Pumba 45,000, dawa 60,000, madeni jumla 105,000. Baada ya hapo daftari likapasuka mara tatu.

Tawi la kwanza lilisema mchango nao ni makato, hivyo theluthi ya 271,000, yaani 90,333, inabana kila kitu. Mfugaji anapokea 180,667 na deni la 20,087 linasogezwa mbele.

Tawi la pili lilisema mchango si deni. Unakatwa wenyewe, na ile 90,333 inabana madeni peke yake. Anapokea 175,247, zinasogezwa 14,667.

Tawi la tatu sikuwa nimelifikiria hata mimi. Mchango ukatwe kwanza, kisha theluthi ipigwe kwenye kilichobaki, yaani 265,580. Kikomo kinakuwa 88,526. Anapokea 177,054, zinasogezwa 16,474.

Kumbe yale majibu mawili ya mwanzo yote yalikuwa sahihi kwa hesabu. Modeli ilikuwa inaisoma katiba kwa macho mawili, kila mara ikishika jicho moja bila kutuambia. Nilipompelekea katibu matawi matatu kwenye karatasi aliyatazama, akamwita mhazini. "Hebu njoo. Hivi sisi tunakataga kwa lipi?" Mhazini akaonyesha la kwanza. Karani, aliyekuwa anaosha madumu pale nje, akasema yeye siku zote hukata kwa la pili.

Kikokotoo kisingeweza kulileta jambo hilo mezani, hata kingekuwa cha bei gani.

Kuna vipimo vya watu wengine pia. Machi 2025 Anthropic waliijaribu Claude 3.7 Sonnet ikiwa na zana nyepesi kuliko hiyo, yenye nafasi moja tu ya kuandika wazo. Jaribio lilikuwa la kuigiza huduma kwa wateja. Upande wa shirika la ndege, wenye kanuni zilizosokotana, kufaulu kulipanda kutoka 0.370 hadi 0.570, pale zana ilipoambatana na mifano ya namna ya kufikiri. Upande wa duka, wenye kanuni nyepesi, kulipanda kutoka 0.783 hadi 0.812 tu. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa kazi yako, angalia msokoto wa kanuni zake. Kikundi chetu kina ng'ombe na madumu, lakini kwa kanuni kiko upande wa ndege.

Haki itendeke: baadaye watu hao hao waliongeza kwamba fikra za ndani za modeli zao zimeimarika, na sasa mara nyingi wanashauri uzitumie hizo badala ya zana ya kuandikia mawazo. Nakubaliana nao ikiwa unachotaka ni jibu sahihi tu. Ikiwa unachotaka ni njia, ambayo mhazini anaweza kuiwekea kidole, daftari bado lina kazi.

Madhara yake. Kila wazo ni safari ya kwenda seva na kurudi, na maelezo ya zana yanaingia kwenye mazungumzo kila mara, uyatumie usiyatumie. Swali la "nimeleta lita ngapi jana" halihitaji mawazo sita, lakini modeli iliyoonyeshwa daftari hupenda kuandika. Itabidi uiambie lini isifungue. Lingine ni kwamba ile seva ya mfano huweka historia kwenye kumbukumbu ya programu tu. Programu ikizimika, mawazo yametoweka. Waja leo waondoka leo, kama msemo wa mji wetu unavyokwenda. Ukitaka ushahidi wa kubaki, ongeza mwenyewe sehemu ya kuandika kwenye faili au kwenye SQLite, hifadhidata ndogo. Mimi ningefanya hivyo siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

## Seva yenye kukataa

Aina ya nne, ndiyo kikokotoo chetu, nayo ni seva ya MCP, ila zana zake zinafanya kazi na zinaweza kusema hapana. Moja inatafuta rekodi za mfugaji. Nyingine inakokotoa malipo. Modeli ikileta lita zilizokataliwa nyingi kuliko zilizopokelewa, inarudishiwa kosa lenye maelezo, inajirekebisha. Wazo lenyewe lina umri sasa: tangu mwishoni mwa 2022 watafiti walikuwa wakiiachia modeli iandike programu, na kompyuta ndiyo ikokotoe, badala ya modeli kukisia jibu.

Mfano ninaoupenda ni saa. Mfugaji anaandika: "Nilileta saa kumi jioni." Kila mtoto wa Tanga anajua hiyo ni 16:00. Modeli iliyokulia saa za Kizungu inaweza kuiandika 22:00, na ghafla kuna maziwa yaliyopokelewa usiku, kituo kimefungwa. "Saa kumi na mbili asubuhi" ndiyo mbaya zaidi, maana ikisomwa vibaya inageuka adhuhuri au usiku wa manane, ilhali ni 06:00. Promti inasaidia, lakini siku moja itasahau. Zana ya mistari michache inayoongeza saa sita na kusoma neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku haisahau. Mambo ya namna hii usimwachie mwenye kufikiri, mpe mwenye kukokotoa.

Unaweza kwenda mbali zaidi ukaweka nyuma ya seva kitu kizito cha kukagua mantiki kama SWI-Prolog, au Z3 ya Microsoft Research, vinavyoweza kuthibitisha kwamba kanuni mbili zinapingana. Kwa ratiba ya magari ya kukusanya maziwa kutoka vituo vingi ningelifikiria hilo. Kwa kituo kimoja ni kuazima winchi ya bandarini kubebea dumu.

Na ina upofu wake. Nilipoandika zana ya kukokotoa malipo nililazimika kuchagua tawi. Nikachagua, nikaandika, na kuanzia hapo seva ikawa inatoa jibu moja kila mara, kwa uhakika kabisa. Kama nisingepitia daftari kwanza, lile tawi ningelichagua bila kujua kuna mengine, na kikundi kizima kingelipwa kwa ufahamu wa fundi wa kompyuta asiye na hata mbuzi.

Ukizipanga ubavu kwa ubavu, kwa mtu mwenye haraka:

| | Maneno matupu | Kichwa chake | Daftari | Yenye kukataa |
|---|---|---|---|---|
| Kazi ya kujenga | Karibu hakuna | Hakuna, unalipia | Ndogo | Kubwa, na haiishi kanuni zikibadilika |
| Hesabu | Bahati | Nzuri | Ileile ya modeli | Sahihi kama msimbo wako |
| Kuonyesha njia | Ndiyo, ila haishikiki | Sehemu, au muhtasari | Ndiyo, hadi matawi | Pembejeo na matokeo tu |
| Kanuni yenye utata | Hukisia | Huchagua kimyakimya | Huifungua, ukiiagiza | Aliyeandika msimbo keshachagua |
| Swali dogo la haraka | Inafaa | Nzito | Inaudhi | Inafaa sana |

## Ikae wapi

Seva ya MCP inaweza kukaa kwenye kompyuta ileile yenye programu inayoiita, zikazungumza kwa njia ya kawaida ya kuingiza na kutoa maandishi. Au ikakaa mbali, ikaitwa kwa HTTP, njia ileile ya mawasiliano ya tovuti.

Ya karibu ni nyepesi, haina nywila wala cheti, na kwa majaribio sioni sababu ya kwenda kwingine. Ila jihadhari na mtego mmoja ulionilia jioni nzima. Niliweka mstari wa kuchapisha neno "nimefika" ili nione programu imefikia wapi. Kumbe njia ya kutolea maandishi ndiyo njia ya ujumbe wenyewe. "Nimefika" yangu ikaingia katikati ya JSON, upande wa pili haukuelewa kitu, muunganisho ukakatika. Nami kutafuta kosa nikaongeza "nimefika" nyingine tatu. Maandishi ya kujifuatilia yapeleke kwenye njia ya makosa au kwenye faili, usiyapitishe pale.

Ya mbali inafaa pale vituo vinapokuwa vingi na daftari lazima liwe moja. Tangu toleo la itifaki la Machi 2025 kuna utaratibu mpya wa HTTP uliochukua nafasi ya ule wa awali, kwa hiyo ukikuta mafunzo yanayokuelekeza kufungua njia mbili tofauti, moja ya kutuma na moja ya kupokea, ujue ni ya zamani. Hapa utahitaji kuthibitisha nani anapiga hodi, ukague na asili ya ombi. Seva ya malipo isiyo na mlango ni duka la wazi.

Na intaneti? Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, Tanzania yote ilijua maana ya kutegemea cha mbali. Lakini tusijidanganye: seva yako ikiwa mezani na modeli yenyewe iko Marekani, waya ukikatika umebaki na daftari lisilo na karani. Dawa ni modeli ya kuendesha hapohapo. Yenye vigezo bilioni 7, namba zake zikibanwa hadi biti 4 kila moja, inaingia kwenye gigabaiti nne hivi hadi tano, na programu iitwayo Ollama inaiendesha kwenye kompyuta ya kawaida, polepole. Kiswahili cha modeli ndogo ndicho kinachonikatisha tamaa. Ngeli zinayumba, na nimeona "makato" yakisomwa kana kwamba ni ya nyama. Modeli hizo zikiwa na zana yenye kukataa nyuma yake zinajikongoja. Zikipewa daftari huandika kurasa na kurasa za kuzunguka palepale. Daftari ni la modeli yenye nguvu tayari.

Kuna pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Nilichofanya ni kuipa modeli namba ya mfugaji tu. Jina, simu na madeni kwa jina vinabaki kwenye hifadhidata ya kikundi, na seva ndiyo inayoviunganisha jibu likishatoka. Hii ni hoja nyingine ya kuwa na seva ya nyuma ambayo sikuitarajia nilipoanza: hata kama haiongezi akili, inalinda siri.

Seva ya kufikiri ya mtu usiyemjua usiichomeke tu. Maelezo ya zana modeli huyasoma kama maagizo, na mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo agizo la kutuma data zako kwingine. Isome kwanza. Nyingi ni fupi.

Python au TypeScript? Unayoijua. Zote zina vifaa rasmi vya MCP, na tofauti utakayoiona kwenye kazi ndogo kama hii ni ndogo.

## Ukinibana nichague

Kama kanuni zako ni chache na hazina utata, jenga seva yenye kukataa, zana mbili tatu, uachane na daftari. Kama huna muda wa kujenga chochote na una fedha ya tokeni, nunua modeli yenye kichwa chake, uikumbushe kwenye promti iseme imechagua maana ipi pale ilipokuta mbili. Utapata sehemu nzuri ya faida ya matawi bila seva. Kama kanuni zimeandikwa na kamati, zikarekebishwa na kamati nyingine, na kuna fedha za watu ndani, anza na daftari kwa muda. Acha lifungue matawi. Yapeleke kwa wenye kanuni wachague. Kila walichokiamua kihamishie kwenye zana yenye kukataa, na daftari lipungue kazi taratibu.

Nilivyoweka mwenyewe ni hivi: seva moja, kwenye kompyuta ya kikundi, yenye zana nne. Kutafuta rekodi, kugeuza saa, kukokotoa malipo, na ukurasa mtupu wa mawazo unaohifadhiwa kwenye SQLite pamoja na tarehe na namba ya swali. Ukurasa huo modeli inaruhusiwa kuufungua tu pale mfugaji anapopinga makato. Maswali ya lita na bei hayaugusi.

Katibu aliusoma ukurasa wa kwanza wa mfugaji aliyelalamika, kwa miwani yake, mstari kwa mstari. Alipofika wazo la nne akaliwekea alama ya kalamu. "Hapa," akasema, "hapa hapakuandikwa nani kaamua." Ni kweli, hapakuandikwa. Nimeongeza nafasi ya jina la kikao na tarehe kwenye kila kanuni. Ile ya theluthi nafasi yake bado ni tupu hadi mkutano mkuu ukae. Kwa sasa zana inakata kwa tawi la pili, kwa kuwa ndilo karani amekuwa akilitumia kwa kalamu miaka yote, na chini ya kila jibu inaandika kwamba jambo hili halijaamuliwa.